Ko! Ko! kutoka Mambrui hadi Kilifi

Jamani, moyo wangu bado haujatulia.

Mashindano ni kesho asubuhi hapa Kilifi, na baiskeli yangu ni ya kaboni. Naibeba kwa vidole viwili, lakini ikigongwa vibaya inapasuka.

Leo nikiwa kwa shangazi Mambrui niliitoa magurudumu, nikailaza ndani, nyuma, kwenye gari la marehemu baba, gari la miaka ya themanini lililochoka springi. Nikaifunika mablanketi. Nikaenda kuswali alasiri, nikarudi, nikaaga mbiombio.

Njiani, kila tuta: ko! ko!

Nikapunguza mwendo. Ko! Hata tuktuk zikanipita.

Kufika, nikafunua blanketi.

Nazi. Gunia zima la nazi!

Nikapiga simu. "Shikamoo shangazi. Baiskeli iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ungeondokaje kwangu mikono mitupu? Na nafasi ilikuwa hamna. Si ulisema haitaki kugongwa? Basi iko salama, chini ya kitanda changu."

Anayekuja Kilifi jioni hii, tafadhali apitie Mambrui aniletee.

Ila akishaipakia, asibanduke garini. Shangazi bado ana nazi.