Mfano wa Asubuhi kwa Mama Eliya

Mgeni akiuliza nyumba ya Hana Mughwai hapa Ilongero, haambiwi kwa fundi cherehani, ingawa amewashonea sare nusu ya watoto wa kata hii. Anaambiwa aende pale wanaposoma sura moja. Kwa miaka kumi na tisa, Jumatatu hadi Jumamosi, kabla hajagusa cherehani yake, Hana amekuwa akifungua Biblia kibarazani na kumsomea yeyote aliyekuja sura moja. Alianza peke yake mwaka aliofiwa na mume, kwa sababu asubuhi zilikuwa ndefu na hakuwa na mtu wa kumsemesha. Mimi nilijiunga mwaka wa pili. Nilikwenda kudai gauni langu, nikaambiwa nisubiri sura iishe, basi nikakaa mpaka leo.

Utaratibu ni wake mwenyewe. Sura zinasomwa kwa kufuatana, hakuna kuruka, hata zile za majina matupu ambazo mchungaji wetu huzikwepa. Kisha msomaji anatoa mfano mmoja wa maisha, jambo lililomtokea mtu kweli, ndipo tunaomba na kutawanyika kwenda mashambani. Hana alikuwa akisema kwamba bila mfano, tumesoma tu kama tunavyosoma tangazo la mnada. Alitupa mifano ya kuku wake waliokwisha kwa mdondo, ya ugomvi wake na mawifi, ya suruali aliyoikata fupi na kumsingizia mwenye nayo kwamba amerefuka. Tulicheka, na tukapata nguvu. Mwaka niliomzika mwanangu wa mwisho, kibaraza kile ndicho kilichonisimamisha.

Jenifa alikuja miaka minne iliyopita na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa amemwacha na kuhamia Itigi, na yeye alikuwa akisoma kwa kukwama kila neno, sauti haitoki. Hana alimfundisha kupitisha kidole chini ya mstari na kupumzika kwenye nukta. Alimfundisha pia kushona vifungo, apate kula. Baada ya miaka miwili alimpa siku ya Alhamisi awe anaongoza yeye, na Alhamisi ikawa siku inayojaza mkeka. Hana alijivuna mpaka akawa anakera. Kila mgeni aliambiwa, huyu ni binti yangu wa Neno. Mimi nilinuna, nakiri, maana miaka yote ile sikuwahi kupewa hata Alhamisi moja.

Sasa Eliya. Huyu ni mtoto wa pekee wa Hana, na sote tulijua yuko Geita machimboni. Kila mwezi mama yake alisafiri kwenda Dodoma kufuata vitambaa, akarudi baada ya siku mbili na kifurushi cha kubana kwapani, akatuletea salamu za Eliya, akisema kijana amepiga simu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini vitambaa ni vichache hivyo. Kumbe Eliya alikuwa gerezani kule Dodoma, kifungo cha miaka mitatu, kwa kuendesha lori lililobeba ng'ombe wa wizi.

Asubuhi tuliyofika kwenye sura ambayo Yusufu anatupwa gerezani, Hana alisoma vizuri, kisha akatupa mfano wa uzi uliokatika. Ulikuwa mfano dhaifu, nikadhani anaumwa. Tulipoondoka, Jenifa alibaki kumalizia vifungo, na hapo Hana akashindwa kujizuia. Alimweleza yote. Alimweleza pia kwamba Eliya amebakiza miezi mitatu, na ameapa kwamba atarudi nyumbani kwa sharti moja tu, kwamba hakuna mtu hapa anayejua alikokuwa. Mama yake alikuwa amemwahidi hivyo.

"Nakupa hili kwa sababu wewe ni binti yangu," alimwambia. "Likitoka, Eliya harudi."

Jenifa alimshika mikono, wakaomba pamoja.

Miezi miwili baadaye kulikuwa na semina ya akina mama kule Singida mjini, Utemini, na Jenifa akachaguliwa kuwa mmoja wa wanenaji. Hana alimshonea gauni la bluu. Tulikwenda kumi na moja kutoka huku, tukakaa safu moja. Jenifa alishika kipaza sauti akasoma sura ileile ya Yusufu gerezani, bila kukwama hata mara moja, na Hana alikuwa akitikisa midomo pamoja naye. Kisha ukaja mfano. Alisema kwao kuna mama mmoja, fundi wa cherehani, ambaye kila mwezi huaga kwamba anafuata vitambaa Dodoma, kumbe anapeleka sabuni na maandazi kwa mwanawe mfungwa, na asubuhi inayofuata anaamka kuwatia wenzake moyo. Ukumbi mzima ulilia. Mimi nilikuwa nimekwisha kusema "Amina," mkono juu, ndipo masikio yakaniambia nilichokisikia. Safu yetu yote iligeuka kumtazama Hana. Yeye alikuwa anatazama pindo la lile gauni la bluu.

Hana alimsubiri getini. Jenifa akaja macho yanang'aa, watu wanampongeza njia nzima. Hana alimwuliza swali moja tu, kwa nini. Jenifa akasema hakutaja jina. Akasema kuna wanawake watatu waliokuja mbele wakilia, nao wana watoto vifungoni, sasa si wamepona? Kisha akasema kwamba mifano ya kweli alifundishwa na yeye Hana. Nilitamani kumzaba kibao. Hana alipanda bodaboda bila kuaga, na jioni hiyo akanisimulia mimi yote haya, kwa kuwa hayakuwa na haja tena ya kufichwa. Kwa wiki nne zilizofuata Jenifa hakuonekana kibarazani.

Eliya alitoka siku ya Jumamosi. Hana alichinja jogoo, akatandika kitanda kwa shuka jipya, nami nilikuwa jikoni kwake nanyonyoa. Bado alikuwa na tumaini. Alidhani Eliya akishaingia ndani, akala, ataweza kumweleza taratibu. Lakini kule stendi ya Singida, Eliya alitafuta usafiri wa kuja huku akakutana na Moses, kijana wetu wa bodaboda, ambaye hana ubaya na mtu. Moses alimkumbatia.

"Karibu uraiani, kaka," alimwambia. "Tumekuombea sana tangu tuliposikia ule ushuhuda."

Eliya aliuliza ushuhuda gani, naye Moses akaueleza wote kwa furaha. Eliya akamwomba simu. Hana hushika simu mbali na sikio, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama, uliniahidi."

"Nilimwambia mtu mmoja tu, mwanangu."

Simu ikakatika. Alipopiga tena alipokea Moses, akasema Eliya amechukua mfuko wake na kupanda basi la Mwanza. Hana alikaa kwenye kigoda karibu na yale manyoya.

"Mtoto wangu anajua ni mimi niliyetoa siri yake," alisema. "Na kweli ni mimi."

Jumatatu nilidhani hatafungua kitabu. Alifungua. Mkeka ulijaa, maana tunapenda Neno na tunapenda habari vilevile. Jenifa naye alikuja na mtoto wake, akaketi pembeni, kanga begani. Alimwamkia shikamoo, Hana akaitikia. Tulikuwa tumefika mwanzo wa kitabu cha Hesabu, kwenye majina ya watu kabila kwa kabila, fulani mwana wa fulani, fulani mwana wa fulani. Hana aliyasoma yote, hakuruka hata moja. Kisha akafunga Biblia, kidole kikiwa bado ndani.

"Mfano wa leo atatoa Jenifa," alisema. "Wa kwake."

Jenifa alisimama. Akaanza kusema kwamba Mama Eliya alimpokea akiwa hana kitu.

"Huo ni wangu," alisema Hana.

Akajaribu wale wanawake watatu wa semina.

"Huo ni wao."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka miwili, kila Alhamisi, Jenifa alikuwa ametupa mifano ya jirani, ya mchungaji, hata mmoja wangu mimi, lakini wa kwake hata siku moja. Hakuna aliyejua kwa nini yule mwanaume alimwacha. Alitutazama, nasi tulikuwa tumenyoosha shingo, nami nikiwa mmojawapo. Mtoto alimvuta kanga. Jenifa akafunika uso.

"Siwezi, mama," alisema. "Hawa wote watajua."

"Ndiyo," alijibu Hana.

Akaweka Biblia kwenye droo ya cherehani, akavuta kiti chake akaanza kazi. Siku ile hatukuomba.