Mguu wa Kushoto Ulipokubali Kukanyaga

Mimi ni Bosibori, mjane wa huku Kebirigo. Kiswahili nilikipata Kericho, mume wangu alikokuwa akichuma chai ya wazungu. Miaka ya sitini tulirudi nyumbani tukapanda chai yetu wenyewe. Alipofariki, niliendelea nayo. Wanawake wa rika langu walikuwa wamewaachia wake za watoto wao kazi ya shamba, lakini mimi sikupenda kukaa. Nilichuma, nikabeba kikapu mgongoni mpaka kituo cha kuuzia majani, nikarudi kupalilia migomba. Sikujua kuugua.

Nilianguka msimu wa mvua kubwa. Nilikuwa nateremka kwenda kituoni, udongo ukateleza, nikaangukia ubavu wa kushoto. Halikuwa anguko kubwa. Lakini nilisikia kitu kikikatika ndani ya nyonga, kama mtu amevunja kuni. Nilijaribu kuinuka, mguu haukunitii. Nilipoutazama, wayo ulikuwa umegeukia nje, na mguu mzima umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Nilijikojolea papo hapo. Nililala juu ya majani yangu yaliyomwagika, mvua ikininyeshea, mpaka wachumaji wengine walipopita wakanibeba kwa blanketi lililofungwa kwenye miti.

Katika hospitali moja mjini walinifunga mguu kwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Nilikaa hivyo nikimngoja daktari wa mifupa. Alipofika alinipasua, akatia chuma cha kuushikilia mfupa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Nyaboke, mama aliyetoka Kenyenya, mkubwa kwangu kidogo. Yeye pia alivunjika nyonga, na yeye pia alitiwa chuma. Tulizungumza kutwa nzima, habari za ng'ombe na za watoto walio mbali.

Daktari alikuja akasimama kati yetu.

"Chuma kimeshika vizuri," alisema. "Sasa mtasimama. Mguu huu ukanyage kidogo, uzito mwingine uende kwenye magongo."

"Hautavunjika tena?" nilimuuliza.

"Utauma, mama. Lakini kulala kutakuumiza zaidi. Wazee wengi nimewaona wakivuka upasuaji salama, halafu kitanda kikawamaliza."

Nilisimama nikishikwa na wauguzi wawili. Kidonda kiliwaka moto, jasho likanitoka, machozi yakanitoka. Nilikanyaga kwa ncha ya wayo tu, nikarudi kitandani.

Nyaboke alikataa. "Mimi nimechoka, dada," aliniambia. "Acha mguu upone kwanza, ndipo niinuke." Kila walipomjia alisema kesho. Akapata kidonda matakoni chenye harufu. Kisha kikaja kikohozi, kifua kikajaa. Asubuhi moja niliamka nikakuta wanakunja godoro lake. Alikuwa amefariki usiku. Tangu siku hiyo nilikuwa naugeukia ukuta.

Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilifikiri upweke umekwisha. Ndipo ulipoanza.

Mwanangu Nyakundi alikuwa akifanya kazi Nakuru, mkewe Kerubo akibaki nami. Nyakundi alikuja kuniona. Lakini kwetu mwana aliyetahiriwa haingii chumba anamolala mama yake. Kwa hiyo aliketi chumba cha mbele, tukazungumza ukuta ukiwa katikati.

"Mama, umelalaje?"

"Nimelala vizuri."

"Usijisumbue kusimama. Ulitubeba sisi, sasa ni zamu yetu. Kerubo atakufanyia kila kitu."

Nilimweleza aliyoyasema daktari. Alijibu kwamba daktari hakai na wazee, hajui mifupa yao ilivyo. Nilimsikia akinywa chai. Nilisikia kiti kikilia alipoinuka. Alirudi Nakuru bila mimi kumwona uso.

Kerubo alimtii mumewe. Aliyaweka magongo darini. Alinitendea mema: aliniosha, alinipa uji, alimwaga haja zangu bila kukunja uso. Kisha alikwenda kwenye chai, nami nikabaki na kuku. Nilijua saa kwa jua lililoingia kwenye tundu la paa likatambaa ukutani. Paja liliyeyuka, ngozi ikalegea kama nguo ya kuazima. Visigino viliwaka. Siku ya Sabato jirani wote walikwenda kanisani, kijiji kikanyamaza kabisa, na nilikuwa nasema jina langu mwenyewe kwa sauti ili nisikie mtu akiniita.

Halafu nikaanza kukohoa. Kikohozi kile nilikuwa nakijua. Nilimwita Kerubo.

"Niletee magongo yangu."

"Mama, chuma kikivunjika, mwanao ataniambia nini?"

"Na nikifia hapa kitandani, atakuambia nini?"

Alitoka nje. Nilidhani amekataa. Alirudi na magongo mkono mmoja, leso mkono mwingine. Alinifunga leso kiunoni, akaishika nyuma kwa nguvu. "Simama, mama. Nimekushika."

Tulianza upya. Maumivu yalinirudisha chini mara nyingi. Nilikanyaga kidogo, kesho yake nikaongeza uzito kidogo. Baada ya muda nilifika mlangoni, kisha uani. Kikohozi kikapungua. Sabato moja, watu wakiwa kanisani, nilitoka peke yangu mpaka kwenye migomba. Nilitazama huku na huku nipate wa kumwonyesha. Hapakuwa na mtu. Nililia kidogo, nikarudi ndani.

Mwezi wa Desemba Nyakundi alikuja tena. Aliketi palepale, akausalimu ukuta.

"Mama, umelalaje?"

Nilichukua magongo.

"Kerubo, ni nini hicho kinachogonga?" aliuliza.

Nilisukuma pazia nikatoka. Mwanangu alikuwa na mvi juu ya masikio. Sikuwa najua. Aliinuka, mikono ikabaki hewani, hajui anishike au aniache.

"Kaa, mama," alisema.

"Nitakaa nikimaliza kukutazama."

Sasa natumia fimbo moja. Nachechemea, na siku za baridi nyonga huniuma. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Kerubo namshukuru kila siku. Wewe uliyepasuliwa nyonga, daktari akikuruhusu kukanyaga, kanyaga, hata ukilia. Akikuambia ngoja, ngoja. Na ninyi watoto, msiwalaze wazazi wenu kwa sababu ya kuwapenda. Washikeni wasimame.

Siwadanganyi kwamba upweke umekwisha. Nyakundi yuko Nakuru, na mchana bado ni mrefu. Lakini nikitaka kuona mtu, nainuka, naenda aliko.