Besi Iliyouzwa Vipande Vipande

Fundi Meno hakuwahi kuuza besi yake, lile gita la nyuzi nene. Angekuapia hivyo kwa uso mkavu, na kwa namna fulani asingekuwa mwongo. Alichouza ni shingo tu. Mwaka uliofuata akauza pikapu, yale masumaku ya chini ya nyuzi yanayopeleka sauti kwenye spika. Halafu likaenda daraja la kushikia nyuzi, na mwisho kiwiliwili chenyewe, maana ule wekundu wake wa zamani ulikuwa haupatani na shingo mpya. Kila alipouza kipande alinunua kingine bora na kukifunga palepale, kwa hiyo hakuna hata siku moja ambayo nyumba yake ilikaa bila besi. Cha zamani kilichobaki ni mkanda wa begani, nao asili yake ulikuwa wa mkoba wa mkewe.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alishinda kwenye chumba chembamba nyuma ya kliniki, kati ya ndoo ya plasta na taa ya spiriti, akichonga nta na kulinganisha rangi mpaka jino la kutengenezwa lifanane na jirani yake la kuzaliwa. Wagonjwa hawakumjua, sifa zote zilimwendea daktari aliyekaa mbele. Hakujali. Alikuwa na kauli yake: jino zuri la bandia ni lile ambalo mwenyewe, siku akiumwa na meno, hulishuku na lenyewe.

Raha yake ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo wapiga besi wa kujifurahisha walikutana kwenye karakana ya Mshona Makochi, katikati ya sponji na misumari, kuuziana, kubadilishana na kubishana. Hakuna aliyekuwa na bendi. Kulikuwa na Mwalimu wa hesabu, kulikuwa na Mama Dawa mwenye duka la dawa, na Daktari wa Ng'ombe ambaye kila akija alinuka zizi na hakuna aliyemwambia. Walikuwa na sheria moja kubwa. Besi ikiletwa kuuzwa, mwenyewe haigusi. Anapewa mwingine aipige, na wengine wote wanageukia ukuta. Macho, walisema, yameshafilisi watu wengi. Muuzaji akianza kuisifia bidhaa yake walimzomea kwa pamoja: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!"

Ubishi wao haukuwa na mwisho. Mwalimu aliamini sauti inatoka kwenye shingo. Mama Dawa alisema shingo ni kijiti cha kushikia tu, sauti ni pikapu. Mshona Makochi, mtu wa mbao, alishikilia kwamba kiwiliwili ndiye baba wa yote, na Daktari wa Ng'ombe alimkubalia yeyote aliyesema mwisho. Fundi Meno alikuwa ameziamini imani zote hizo kwa zamu, na kila alipobadili imani alimuuzia mmoja wao kipande.

Mkewe alimwonya tangu mwanzo. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alimwambia siku shingo ilipotoka nyumbani imefungwa kwenye gazeti. Yeye akacheka. "Hii si kuacha, mke wangu, hii ni kuboresha."

Sasa, walikuwa na mtoto mmoja, binti, mpima ardhi, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi binti huyo alikuja na habari kwamba amepata kazi mbali, mbali kwelikweli, mkataba wa miaka minne. Ataondoka Jumapili ya wiki inayofuata. Mama yake alilia, akafuta machozi, akauliza kama huko kuna baridi. Baba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, amnunulie zawadi gani.

"Sitaki kununuliwa kitu, baba," binti akasema. "Nipigie ile besi nyekundu. Ile uliyokuwa unanipigia nikiwa mdogo, mama akienda kazini mchana. Nikiisikia mara moja tu nitaondoka roho yangu ikiwa imetulia. Unayo bado, si ndiyo?"

Mkewe alimtazama. Hakusema neno la mbachao wala la msala, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Ninayo," akajibu Fundi Meno. "Ila iko... imetawanyika kidogo."

Usiku ule ulipita, na asubuhi akaanza kukusanya. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, lakini wake alikuja akiwa na meno tayari. Alimkuta Mwalimu akisahihisha madaftari kwenye chumba cha walimu, akamweleza. Mwalimu alivua miwani.

"Ile shingo ndiyo roho ya besi yangu, bwana."

"Najua."

"Nimeizoea kama mkono wangu."

"Najua, ndugu yangu."

Mwalimu akapiga hesabu zake kimyakimya, kisha akasema atailegeza skrubu mwenyewe, asije mtu akaikwaruza. Mama Dawa aling'oa pikapu mbele ya wateja watatu waliokuja kununua dawa ya kikohozi, akamkabidhi ndani ya bahasha ya vidonge na maandishi: mara moja tu, baada ya chakula. Daktari wa Ng'ombe alileta daraja mwenyewe mpaka kliniki, akakataa kupewa la kubadilishana. "Mtoto ni mtoto," alisema, akaondoka haraka kwa sababu ng'ombe wa mtu alikuwa anazaa.

Kilibaki kiwiliwili, na hicho kilikuwa kwa Mshona Makochi.

"Kipo," alisema Mshona Makochi, akitafuta kitu kwenye mfuko wake wa misumari. "Kipo stoo. Wewe njoo Jumamosi, nitakuwa nimekipangusa."

Jumamosi, kiwiliwili kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa kipande cha kitambaa cha kochi. Kilikuwa chekundu, safi, kinang'aa. Fundi Meno akakinyanyua, na mikono yake ikatulia hewani. Kilikuwa chepesi mno. Akakigeuza, akafungua kifuniko cha mgongoni pa kupitishia waya. Pale ndani palitakiwa kuwa na alama ya kuungua, ndogo, nyeusi. Miaka ishirini na tano iliyopita alikuwa analehemu waya, mtoto akashika mguu wa meza na kusimama kwa mara ya kwanza, naye akaitupa pasi ya kulehemu ndani ya besi akakimbilia kumdaka. Alama haikuwepo. Mbao ilikuwa nyeupe kama unga.

Akainua macho. Mshona Makochi alikuwa anakagua dari.

"Bwana," akasema Mshona Makochi hatimaye, kwa sauti ya chini, maana wengine walikuwa wanafunga spika upande wa pili. "Ile ya kwako ilioza. Paa la stoo lilivuja mwaka juzi. Pale palipokuwa pazima nilichonga miguu ya kochi."

"Kochi gani?"

"Lilishanunuliwa. Nimezunguka wiki nzima kutafuta pacha wake, nikakosa. Hii nimeichonga mwenyewe. Rangi tu ndiyo nimebahatisha."

Fundi Meno alizitazama zile kingo. Zilipigwa msasa mpaka zikawa laini kama shavu. Mtu hakulala vizuri kwa ajili ya kazi hii, na yeye alizijua kazi za namna hiyo kuliko mtu yeyote mle ndani. Hasira iliyokuwa inapanda ikakosa pa kukaa.

"Rangi imetoka safi," alisema. Akashika bisibisi, akaanza kuunga.

Lakini moyoni alikuwa ameshikwa na hofu. Shingo ni yenyewe, pikapu ni zenyewe, daraja ni lenyewe, na mbao ni ya uongo. Kama Mshona Makochi amekuwa mkweli miaka yote hiyo, kwamba sauti ni kiwiliwili, basi mtoto ataondoka kesho bila alichoomba, na wa kulaumiwa ni baba yake na tamaa zake za kuboresha.

Binti alifika saa tisa mchana na mama yake. Kwa mazoea wote wakageukia ukuta, naye akageuka nao, akicheka. Fundi Meno akawasha spika na kupiga kile kipande chake cha zamani, cha sauti nne zinazopanda na kushuka. Besi ilinguruma vizuri kabisa. Misumari ikacheza kwenye makopo.

"Nzuri, baba," akasema binti akiwa bado ametazama ukuta.

Fundi Meno aliijua sauti hiyo. Ndivyo wagonjwa wanavyosema wakipewa kioo na jino halijakaa.

"Siyo, eh?"

Binti akasita. "Siyo."

Pale pale ubishi ukalipuka, tena hakuna aliyekumbuka kugeuka, wakawa wanaufokea ukuta. Mama Dawa alisema pikapu ziko juu mno. Mwalimu alisema shingo imevutwa kupita kiasi. Mshona Makochi alikuwa ameinamisha kichwa tu.

"Hiyo spika ya nini?" binti akauliza.

Akaendelea kabla hawajamjibu.

"Nyumbani mbona hakukuwa na spika? Ulikuwa unapiga hivi hivi. Mwenye nyumba alikuwa anakaa chini, mama alikukataza." Akageuka, akaenda mwenyewe kuchomoa waya. "Kaa kwenye kiti, baba. Siyo hivyo, egemea."

Fundi Meno akaegemea. Binti, na urefu wake wote, akapiga magoti sakafuni kwenye vipande vya sponji, akalaza sikio kwenye mbao nyekundu, kichwa kikagusa tumbo la baba yake. Ndipo naye akakumbuka: mchana wa joto, pazia limeshushwa, mtoto kalala juu yake kama mzigo wa nguo zenye joto, na besi isiyo na umeme inayosikika kwa watu wawili tu. Miaka yote alibishana kuhusu pikapu, na pikapu hazikuwahi kuwashwa.

Akapiga. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mlio wa friji.

Binti alifumba macho. Jasho likamtoka Fundi Meno, maana sasa ilibaki shaka moja tu, ya mbao.

"Ndiyo hii," akasema binti. "Ndiyo hii yenyewe. Hata tumbo lako linanguruma vilevile." Kisha, bila kufumbua macho: "Lakini hujahesabu. Zamani ulikuwa unahesabu."

Ni kweli, alikuwa anahesabu, kwa sababu hakuwahi kujua kushika mwendo bila kuhesabu. Alifungua mdomo amwambie habari ya stoo iliyovuja, na miguu ya kochi, na alama ya kuungua isiyokuwepo. Binti alikuwa amekilalia kiwiliwili kile kwa uzito wake wote.

"Moja," akasema Fundi Meno. "Mbili. Tatu."

"Nne," akasema mtoto wake.

Wakaanza tena toka moja. Kule ukutani jaribio lilikuwa limekwisha zamani, lakini hakuna aliyegeuka, na Mshona Makochi alikuwa anajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha kochi.