Kichaka cha Baba Kati ya Vilima Viwili

Harufu ya makaa yanayoungua chini ya udongo haifanani na ya moshi wa jikoni. Ni nzito, ina unyevu, na hukaa ndani ya nguo hata baada ya kufuliwa. Nilipokuwa darasa la tatu, huko upande wa Kyuso, harufu hiyo ilianza kutufikia kila alasiri kutoka kwenye msitu mwembamba uliounganisha vilima viwili nyuma ya boma letu. Ulikuwa msitu wa migunga na miiba, usiopendeza macho ya mgeni, lakini tandala waliupenda. Asubuhi walishuka kilima kimoja, wakapita ndani yake kimya kimya, mistari yao myeupe ikichanganyika na vijiti hata usimwone mnyama mpaka atikise sikio, wakapanda kilima cha pili kulikokuwa na maji mwambani. Tulipokutana nao njiani, mama alinishika bega nisimame mpaka wa mwisho apite.

Harufu ilianza baada ya wapimaji wa ardhi kuja na minyororo yao. Msitu uliokuwa wa ukoo mzima ukagawanywa, na kila mwenye mji akapata kipande chenye mpaka wa mkonge. Baba yangu, Kilonzo, alipata kipande cha katikati. Majirani walianza kufyeka mara moja, wengine wapate shamba la ndengu, wengine wachome makaa ya kupakia kwenye malori. Baba hakufyeka. Alikuwa mfuga nyuki, na mizinga yake ilining'inia humo, lakini alipoulizwa hakutaja asali. Alisema kipande chake kikikatwa vilima vitaachana, na mnyama wa upande huu hatajua tena njia ya kufika ule. Watu walicheka. Mama hakucheka. "Baba Mwende," alimwambia jioni moja, akimwita kwa jina langu kama kawaida, huku akipepeta muthokoi, mahindi machache ya kukoboa yaliyobaki kwenye ungo, "watoto watakula kivuli?" Kisha akaendelea kupepeta hata baada ya makapi kuisha.

Mvua za mwisho wa mwaka hazikunyesha, na zilizofuata zikapita mbali kama wageni wa jirani. Hapo ndipo tandala walipoacha kupita. Walikaa. Vichaka vyote vya pembeni vilikuwa vimeisha, kwa hiyo wakajazana kwenye kipande cha baba, na ukisimama uani mchana ungeweza kuwasikia wakitafuna magome. Tai nao walianza kutua juu ya migunga, wakakaa bila haraka. Habari ikaenea kwamba nyama yote ya nchi ile iko kwa Kilonzo. Mbwa wakaja kutoka vijiji nisivyovijua, na mitego ya waya ikafungwa kwenye kila kijia. Baba aliingia humo kila kulipokucha, akatoka na waya zimeviringishwa mkononi. Siku nyingine alichelewa akakuta kichwa na kwato tu. Nadhani wakati huo alikwisha kuelewa kwamba alichokiokoa kilikuwa kidogo mno, kwamba kimegeuka zizi lisilo na mlango.

Alasiri moja baba alikuwa amekwenda Kyuso kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Tulisikia mbwa, kisha tandala jike mwenye mimba akaruka ua wa miiba na kutua katikati ya mbuzi wetu. Alisimama akitetemeka, povu mdomoni, mbuzi wakimnusa. Wanaume watatu walifika nyuma yake. Wa mbele alikuwa baba mdogo Mutua, mdogo wake baba, mtu aliyezoea kunibebea miwa kutoka sokoni. Mama alikwenda akasimama kwenye mlango wa zizi, mikono mitupu.

"Shemeji, tupishe," Mutua alisema. "Mnyama wa porini ni wa kila mtu."

"Akiwa porini. Akiingia kwangu ni mgeni."

"Watoto wangu hawajala tangu jana."

"Hata huyu hajala, Mutua. Mwangalie."

Mutua akanitazama mimi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, nami nilikuwa na njaa kiasi kwamba sehemu ya moyo wangu ilitaka mama asogee. Hakusogea. Mutua aliwaita mbwa wake kwa sauti ya chini na kugeuka. "Hicho kichaka kitawaletea taabu," alisema, na hakuonekana kama mtu anayetisha, alionekana amechoka. Baba aliporudi mama hakumweleza mengi. Kulipopambazuka walifungua zizi pamoja, na yule jike akapanda kilima bila kugeuka.

Juma hilohilo, upepo wa adhuhuri ukivuma, kichaka kiliwaka. Migunga ilipasuka kama risasi, nyuki wakatoka kwenye mizinga wakiwa wanaungua, na asali ikamwagika juu ya majivu. Aliyewasha hatukumjua. Mutua alikuja mbio na matawi mabichi, akapiga moto pamoja nasi mpaka nyusi zake zikaungua, machozi yakimtiririka, na sikuweza kujua kama ni moshi. Tandala walikimbia pande mbili, na tangu siku ile vilima viliachana.

Mvua iliporudi, aliyekata matawi ya miiba na kukizungushia kipande kile ili mbuzi wasile machipukizi alikuwa mama. Baba alimfuata siku ya pili. Utoto wangu wote uliisha bila tandala kurudi, na baba alizikwa bila kuwaona. Mama aliendelea, akiwasihi majirani nyumba kwa nyumba, wengi wao wenzake wa kanisani, kila mmoja aache ukanda mwembamba usiofyekwa, mpaka kijani kikaunganika tena karibu kote.

Sasa wamerudi, wachache. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kuwaona. Wakati wetu adui alikuwa na jina, ungeweza kumsimamia mlangoni na kumwita shemeji. Siku hizi chini ya kilima cha pili inapita barabara pana, na malori ya mchanga hayapumziki. Tuliwaona tandala wanne wakitoka kichakani na kusimama ukingoni mwa lami, masikio wima, mmoja na ndama.

"Wanangoja nini?" binti yangu aliuliza.

"Magari yaishe," nilimjibu.

Tulisimama nao mpaka jua likawa kali. Hayakuisha.