Mdogo Wake Ndani ya Kanda

Tegeni masikio, enyi wasomaji, kama kusanyiko lililonyamaza mbele ya mimbari.

Jumatatu niliingia duka la kanda za video hapa Gungu, nimekusudia kumkemea mwenye duka kwa nyimbo zake za anasa. Kwenye televisheni, mwimbaji mashuhuri, yule wa filamu pia, aliimba katikati ya wachezaji. Mama mkimbizi kutoka Burundi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Rudisha nyuma tena, baba."

"Mara ya tano, mama! Nunua, ukacheze nyumbani."

Nikawaza moyoni: chakula cha mgao, na bado ana hamu ya ngoma!

Akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu mchezaji mwenye kilemba ni mdogo wangu. Tulishakaa matanga yake miaka mingi iliyopita. Wimbo huu ni wa lini?"

Mwenye duka akageuza jalada, akalisoma polepole. "Mpya, mama. Wa mwaka huu."

Mama akapiga magoti, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao: "Imana! Imana!" Mwenye duka akairudisha kanda nyuma bila kuombwa. "Alhamdulillahi," alisema.

Nami niliyekuja na karipio nilimshukuru Mungu kwa wimbo ule ule. Ndugu, tubuni pamoja nami: kabla ya kumhukumu mkimbizi aliyesimama mbele ya kioo, muulizeni anamtafuta nani.