Gauni la Mchanga, Koti la Theluji

Mdogo wangu hajawahi kununua kiatu peke yake. Mwache dukani na jozi mbili, atazitazama mpaka mwenye duka achukue ufagio na kuanza kufagia kuelekea miguuni pake. Na si mtoto. Ni mwalimu wa Kiingereza, mtaa mzima unamwita Ticha, na wanafunzi wake humwogopa kuliko wanavyoogopa sindano. Akitembea utadhani amemeza rula. Lakini mwulize kama anataka chai ya maziwa au ya rangi, hapo ndipo rula inapokunjika.

Basi mimi ndiye humchagulia. Nimemchagulia viatu, miwani, chumba cha kupanga. Hata mchumba wake wa kwanza nilimchagulia kumwacha, na hakuna aliyejuta isipokuwa huyo mchumba. Mimi ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, na sijawahi kuona faida ya kusitasita. Mteja akishika vitambaa viwili akaanza kuhema, ukimsubiri mtazeekea hapo. Chukua kimoja, kata. Kikishakatwa atakipenda, maana hana namna.

Mwaka huo shule ya Ticha ilikuwa inafungwa mwisho wa muhula. Jengo lilishanunuliwa, liwe ghala la vigae. Akaanza kuomba kazi za kufundisha nchi za nje, akaomba nyingi, kimya. Halafu siku moja akaingia kibandani kwangu na simu mkononi, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyepata habari za msiba.

"Dada, wamenijibu."

"Kina nani?"

"Wawili."

"Sasa unalia nini?"

"Silii. Nimesema ni wawili."

Nikaelewa. Mmoja angekuwa baraka. Wawili ni ugonjwa.

Wa kwanza walikuwa shule ya watoto wadogo, wale wa umri wa kung'oka meno, huko kwenye nchi ya theluji. Wa pili walikuwa chuo kwenye nchi ya mchanga mtupu, wanafundisha wanaume wazima wanaofanya kazi uwanja wa ndege, waweze kuelewana na marubani. Mshahara ulilingana. Nyumba, wote wanatoa. Tiketi, wote wanatoa. Wangetofautiana hata kwa pazia tungepumua. Wote walitaka kwanza awafundishie somo la majaribio kwa kompyuta siku ya Jumatano, na wakimpenda, awape jibu kabla Ijumaa haijaisha. Asiyejibu, nafasi anapewa mwingine. Kwa maana nyingine, mdogo wangu alikuwa na mpaka Ijumaa kuchagua, au akose zote na abaki akiuza vigae.

Tukakutana kwa Mama. Mama hakungoja chai imiminwe.

"Theluji? Huyu akipigwa na manyunyu anapiga chafya wiki nzima. Huko si atarudishwa kwenye boksi?"

Mjomba naye alikuwepo. Mjomba ni dereva wa malori mstaafu, na kwa kuwa aliwahi kuvuka mipaka, hakuna nchi asiyoijua, hata zile ambazo hazina barabara. "Mchanga naujua," akasema. "Mchanga ni joto tu, joto halijawahi kumuua mtu mwenye kofia. Halafu tazama wanafunzi. Mwanamume mzima ukimfundisha anakusikiliza. Mtoto anakutemea mate."

"Mchanga," nikasema na mimi. "Kazi ya heshima. Na nguo nyepesi, sipati shida kushona."

Tukamgeukia Ticha. Alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

"Zote zina uzuri wake," akasema.

Mama akaweka kikombe chini. "Njia mbili zilimshinda fisi, mwanangu."

"Afadhali fisi, dada," Mjomba akamwambia. "Fisi alikuwa ananusa nyama. Huyu ananusa nini?"

Jumatano masomo ya majaribio yalifanyika kibandani kwangu, kwa sababu pale kuna mwanga mzuri na mtandao wa duka la vifaa vya shule la jirani unafika mpaka kwenye meza yangu ya kukatia. Nilitundika shuka jeupe nyuma yake kuficha marundo ya sare. Nikaamriwa kukaa nyuma ya shuka, nisikanyage cherehani, nisikohoe, nisimjibu mteja. Nikakaa na pini zangu kama mwizi.

Asubuhi walikuwa wale wa uwanja wa ndege. Nikachungulia kwenye upenyo. Wanaume wamechana nywele zikalala, kola zimefungwa mpaka juu, wametulia kama wakwe siku ya posa. Ticha akiuliza, mmoja anainua mkono, anajibu, anashusha. Msimamizi akamshukuru kwa maneno marefu. Hakuna kilichoharibika. Nikamwonyesha dole gumba juu ya shuka.

Mchana wakaja watoto.

Sasa ujue, kwenye shule zetu mwalimu akiingia, darasa zima linasimama. Wanasalimia, wanangoja waambiwe kaeni. Ticha amefanya hivyo tangu aanze kazi, mkono unajiinua wenyewe. Watoto wa theluji walipotokea kwenye kioo, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, akawainulia kiganja: simameni.

Wakasimama. Wote. Na vichwa vikapotea.

Tukabaki tunatazama matumbo. Tumbo lenye picha ya dubu, tumbo lenye kifungo kimetoka, tumbo moja limevaa shati zuri juu na chini nguo za kulalia. Ticha akawaashiria wakae, lakini nani akae wakati mchezo ndio umeanza? Mmoja akapata akili: akainua kompyuta yake impate usoni. Wenzake wakamwiga. Basi tukazungushwa. Tukaona dari, tukaona taa, tukaona paka, tukaona bibi wa watu na chupi za kuanika mkononi.

Nyuma ya shuka niliuma kidole nisicheke. Shingo ya Ticha ilikuwa inatoka jasho. Somo lenyewe lilikuwa viungo vya mwili, na picha alizokuwa ameziandaa zilishadondoka chini ya meza. Akaangaza huku na huku, akaivuta sanamu yangu ya kupimia nguo, akaisimamisha mbele yao.

Sanamu ile ina mabega mazuri na kiuno kizuri. Haina mikono. Haina kichwa.

Watoto wakakaa wenyewe, bila kuambiwa. Halafu mmoja mdomo ukaanza kutetemeka.

"Dada," Ticha akanong'ona bila kugeuka. "Kichwa."

"Kichwa gani?"

"Chako. Haraka."

Sijui nilitii kwa nini. Nilitoka nyuma ya shuka, nikaweka pini chini, nikajibanza nyuma ya sanamu na kuweka kidevu changu juu ya shingo yake. Mikono nikaipenyeza pembeni. Yule aliyekuwa karibu kulia akapiga kelele ya furaha mpaka kompyuta ikakoroma. Ticha akachukua rula yangu ya mbao na kuanza: pua. Akanigusa pua. Sikio. Akanigusa sikio. Watoto wanarudia. Akaniambia kwa pembe ya mdomo ninyanyue mikono, nikanyanyua, nao wakanyanyua. Kisha akaanza kuimba wimbo wa hivyo viungo, mikono juu, mikono chini, anaruka. Mdogo wangu, anayetembea kama amemeza rula, alikuwa anaruka kwenye vipande vyangu vya vitambaa, na mimi kichwa kinaruka pamoja naye. Mwalimu mkuu wao ndiye aliyelazimika kuzima.

Ticha akafunga kompyuta na kujifunika uso.

"Nimejiaibisha, Dada. Nimewasimamisha mpaka vichwa vikaisha. Nimewaletea sanamu. Halafu nikakuleta wewe."

"Mimi nimekosa nini?"

"Ulikuwa na uzi kwenye nyusi."

"Ungeniambia mapema kwamba mimi ni somo, ningejipamba."

Jioni majibu yakaja. Chuo cha mchanga wamempenda. Shule ya theluji nao wamempenda, na mwalimu mkuu ameuliza kama yule mama mwenye kichwa naye anaomba kazi. Tukawa palepale tulipoanzia.

"Dada," akasema, "nichagulie tu."

Nilivuta kitambaa chepesi cha kijivu kutoka kwenye rafu, kile nilichokuwa nimekificha kwa ajili yangu mwenyewe, nikakitandaza mezani, nikachora kwa chaki, nikakata. Gauni la ofisi, la mwalimu wa wanaume wazima. Mikono myembamba, imekaza vizuri begani, maana mwalimu wa namna hiyo mkono haupandi kupita ubao. Ticha alitazama mkasi ukipita, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikajua mambo yamekwisha.

Ijumaa mchana akaja kulijaribu. Mama na Mjomba walikuja naye, wanasema wanasindikiza, lakini walikuja kuona kama jibu litatumwa. Simu ilikuwa mezani, ujumbe wa kuwakubali watu wa mchanga umeshaandikwa, umebaki kubonyezwa. Ticha akavaa gauni, akasimama mbele ya kioo. Lilimkaa, nisijisifu bure.

"Sasa hapo umekuwa bosi," Mjomba akasema. "Hata rubani atakuamkia."

"Geuka," nikamwambia. "Andika ubaoni."

Akainua mkono wa kulia, akaandika hewani. Safi.

"Kaa. Simama. Tembea kidogo, nakunja pindo."

Nilikuwa nimepiga magoti na pini mdomoni, kwa hiyo sikumwona usoni. Nilimsikia tu akiimba, kwa sauti ya puani, ule wimbo wa viungo. Halafu juu yangu pakalia *kraa*.

Nilijua kabla sijatazama. Alikuwa amenyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa, na gauni limepasuka kwapani, kulia na kushoto.

"Umenyanyua mikono ya nini?"

"Nilikuwa najaribu tu kama haibani."

"Unamjaribia nani? Wale wa uwanja wa ndege utawarukia?"

Alikuwa anajitazama kwenye kioo, mikono bado ipo juu, nyuzi zinaning'inia. Akaishusha polepole.

"Leta," nikasema. "Naongeza nafasi kwapani, halafu halitachanika tena."

"Usishone, Dada."

"Kwa nini?"

"Mimi naenda kwa wale watoto."

Mama akaita jina la Mungu kwa sauti ndogo. "Na kifua chako je?"

"Nitavaa sweta, Mama."

"Watakutemea mate," Mjomba akasema.

"Wataacha wakikua, Mjomba."

Nikasimama na pini zangu. "Kitambaa nimeshakata," nikamwambia. Ndilo jambo pekee lililonijia kichwani.

"Naona. Pole, Dada."

Akasema pole, lakini hakusema basi nitalivaa. Hilo ndilo lililoniuma. Alichukua simu, akafuta kilichoandikwa, akaandika kingine, akabonyeza. Hakunionyesha kwanza. Si kwamba ningekielewa hicho Kiingereza, lakini siku zote hunionyesha. Mtu ambaye kiatu humchukua mchana kutwa, nchi nzima aliichagua nikiwa bado sijatoa pini zote mdomoni.

"Haya," nikasema. "Simama vizuri nikupime upya. Koti la theluji linataka bitana mbili."

Nikamshonea. Kwapani niliachia nafasi mpaka Mjomba akauliza kama anasafiri na mtu mwingine humo ndani. Akaenda, akapiga chafya wiki nzima kama Mama alivyosema, akapona. Gauni la kijivu limebaki kwangu, nimelivika sanamu. Wateja hulisifia mbele, na mimi siwaonyeshi kwapani.

Juzi nilikuwa nampima mama mmoja, mkubwa wa idara fulani, mtu wa haraka. Simu ikalia, ile ya picha. Ni Ticha, na nyuma yake darasa zima la watoto wamesimama, vichwa vyao vipo.

"Dada, uko karibu na sanamu?"

"Nina mteja."

"Wamekaa kimya tangu asubuhi kwa sababu nimewaahidi."

Nikamtazama mteja. Nikaegemeza simu kwenye cherehani, nikachana nywele, nikaondoa uzi kwenye nyusi, nikaenda nyuma ya sanamu na kuweka kidevu mahali pake. Huko ng'ambo pakalipuka vicheko.

"Fundi," yule mama akasema, futi yangu ya kupimia bado inaning'inia shingoni mwake, "unafanya nini?"

"Nafundisha," nikamwambia. "Na wewe nyanyua mikono, nijue kwapani niachie nafasi kiasi gani."