Siku Niliyomwamuru Asimame

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mke wangu husema hata chai ikichelewa kuchemka naigombeza. Mtu wa namna hiyo kumpa filimbi ya watoto ni kutafuta balaa, lakini pale Namakwekwe, mtaani kwetu Mbale, hakukuwa na mwingine. Mimi ni fundi baiskeli, na kibanda changu kinatazama uwanja. Kila jioni watoto walikuwa wakicheza kidogo na kupigana sana. Siku moja nikatoka na spana mkononi, nikawatenganisha, nikawachezesha mpaka mwisho. Kesho yake wakaja kuniita, na kesho kutwa. Ndiyo nikawa refa, kazi ya kujitolea, malipo yake jua na matusi.

Uwanjani nasema Kiswahili. Sisi Wanubi tumekua nacho, pamoja na Kinubi chetu, tangu babu zetu walipoletwa huku wakiwa askari. Watoto wa Mbale wengine Wagisu, wengine Wagwere, wengine Wateso, na kila mmoja hodari wa kubishana kwa lugha ya nyumbani kwao. Kwa Kiswahili hawabishani. Ukisema "Rudi nyuma!" wanarudi. Watu wengi kwetu wakikisikia wanakumbuka jeshi na miaka yake mibaya, na watoto wakaniita Afande. Niseme kweli? Nilipenda. Fundi baiskeli mwenye goti bovu, napigiwa saluti!

Jumamosi ile tulikwenda Jinja na timu ya wasichana, wote chini ya miaka kumi na tano. Kombe hakuna, urafiki tu. Mechi hizi zina utaratibu wetu wenyewe: refa wa wenyeji anachezesha kipindi cha kwanza, refa wa wageni anachezesha cha pili, kila upande uonje haki ya mwenzake. Ubaya wake ni mmoja. Ukishika filimbi, uwanja mzima unakungoja upendelee watoto wako.

Kipindi cha pili kilipoanza tulikuwa mbele kwa bao moja. Nyuma ya lango alisimama jamaa mmoja mnene, muuza chapati, baba wa kipa wao. Hakunipa nafasi ya kupumua. "Refa mwizi! Refa wa Mbale! Ondoka na filimbi yako!" Watu wakacheka, damu ikanipanda. Nikaapa moyoni kwamba leo watu wa Jinja watanijua. Kila mpira wenye shaka nikawapa wao.

Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi na tano. Kiungo wetu, msichana wa Nakaloke, mdogo wa mwili na mkimya, aliingia kuwania mpira na beki wao mkubwa. Goti la beki likamwingia ubavuni, upande wa kushoto. Haikuwa faulo, wote wawili walikuwa wakitazama mpira. Msichana akaanguka, akajikunja, akashika ubavu.

"Anapoteza muda!" muuza chapati akapaza sauti. "Refa, si wewe uliyemfundisha?"

Nikaenda pale alipolala. Sikuinama. Kosa langu lote liko hapo, kwamba sikuinama. Nilisimama juu yake, nikachomoa kadi ya njano, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya lango, "Simama! Simama haraka! Hapa si kitandani!"

Akasimama. Wallahi alisimama hapo hapo, hakuomba maji, hakuita kocha wake. Alinitazama mara moja tu, akaondoka mbio, mkono ubavuni. Nikajisemea, umeona? Alikuwa anajifanya. Muuza chapati akanipigia makofi, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikafurahi.

Alicheza dakika kumi nzima hivyo. Kisha karibu na kona, bila kuguswa na mtu, miguu ikamwisha nguvu akaenda chini. Safari hii niliinama. Midomo yake ilikuwa myeupe na jasho lake la baridi. Nikamwita, akataka kujiinua, akashindwa. Yarabi!

Mzazi mmoja wa Jinja alikuwa na pikapu ya kubebea miwa. Tukamlaza nyuma, mimi na kocha wetu, mwalimu wa shule ya msingi kule Nabuyonga, tukamshikilia mpaka hospitali. Daktari alimminya tumbo kidogo tu, akabadilika uso. Bandama imepasuka, alisema, mtoto anavuja damu ndani.

"Aliumia saa ngapi?"

Mwalimu akamweleza.

"Na akaendelea kucheza? Kwa nini hamkumtoa?"

Mwalimu akanitazama mimi. Nikasema, "Alisimama, daktari."

"Alisimama mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema. "Mwenyewe."

Astaghfirullah. Mtoto wa watu anakufa mbele yangu, na mimi bado natetea filimbi.

Wakasema watampasua mara moja, lakini damu ya kundi lake iliyokuwepo ni mfuko mmoja, na mmoja hautoshi. Tafuteni watu, wakasema, tena upesi. Nikakunja mkono wa shati. Wakanipima, presha imepanda, wakanikataa. Nikawasihi, nikawaambia mtoeni huyu mzee damu yote, ana haja nayo gani? Nesi akaniondoa mlangoni kwa upole. Mwalimu walimkubali, lakini kundi lake halikulingana. Waliobaki ni wasichana wenzake, watoto watupu, wamejipanga ukutani na jezi zao wanalia. Sijawahi kuona mkono wangu ukiwa mtupu namna ile.

Nikapanda boda, nikarudi uwanjani. Mechi nyingine ilikuwa ikiendelea, ya wavulana. Niliingia mpaka katikati nikapuliza filimbi kwa nguvu zote, wakasimama wananishangaa. Lugha ya Jinja ni Kisoga, na changu ni cha kununulia ndizi, hakitoshi kuombea roho ya mtu. Nikaanza kwa Kiswahili, na nikaona nyuso zinafungwa, akina mama wanavuta watoto wao karibu. Nikapiga magoti. Nililia kwa sauti kama mtoto, nikasema yule msichana anakufa, anataka damu, na mimi ndiye niliyemponza.

Aliyekuja kwanza ni muuza chapati. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningemwacha anipige. Akaniinua kwa kwapa, akawageukia watu wake akawaeleza yote kwa Kisoga, neno kwa neno, akiwa amekunja mkono wa shati tayari. Nikaona watu wanaondoka mmoja mmoja kutoka kwenye nyasi, wanapanda boda, wengine wanapanda ile pikapu ya miwa. Yule beki mkubwa alikuja na mama yake, ananiuliza kama ni yeye aliyemuua. Nikamwambia hapana, mwanangu, si wewe.

Hospitali walijaa benchi mpaka nje. Waliokataliwa hawakuondoka. Mama mmoja akaleta chai ya majani kwa birika kubwa, mwingine akawatandikia wasichana wetu mkeka na kuwafunika kwa kanga zake. Hatukuwa ndugu zao. Saa mbili nyuma walikuwa wakiniita mwizi. Niliswali magharibi pale ukumbini, sikujua nasoma sura gani, nilikuwa narudia neno moja tu, mwache, mwache, mwache.

Damu iliyolingana ilipatikana, na ya muuza chapati ilikuwamo. Msichana alitoka chumba cha upasuaji yu hai, lakini hakuna aliyetuahidi asubuhi. Asubuhi ikafika. Alifungua macho akaomba maji, na mwalimu akakaa chini sakafuni.

Kabla ya saa nne bibi yake msichana akafika kutoka Nakaloke. Ndiye aliyemlea tangu akinyonya. Alimtazama mjukuu wake kitambo kirefu, akamshika nyayo za miguu, kisha akaja ukumbini, akapiga magoti mbele yangu kunishukuru, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu. Sikuweza kustahimili. Nilishuka chini nikapiga magoti pia, nikamwambia yote kwa Kiswahili, nikimtegemea mwalimu amfasirie. Kwamba mtoto alikuwa ameumia, kwamba nilimwona, kwamba nilimwamuru asimame ili watu wa Jinja wanisifu. Nikangoja anitemee mate.

Hakumngoja mwalimu afasiri. Alijibu kwa Kiswahili, kizito, cha mtu ambaye hajakitia mdomoni miaka mingi.

"Mimi nafundisha yeye," alisema. "Tangu mudogo. Nasema, mutu akiita wewe na Kiswahili, usiuliza, usilia, fanya haraka. Sisi wakati ule tunapona hivyo. Hii kosa ni yangu."

Nilifungua kinywa kumkatalia, na kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la Kiswahili.